Kwa Mama na wote Muhoroni, kuhusu hiyo maneno ya uvivu

Mama, habari za nyumbani? Mimi huku Manchester niko sawa, kazi ya kutunza wazee inaendelea, baridi tu ndio imezidi. Nimesoma ile meseji ya Baba Mdogo kwa grupu ya familia ati maskini ni maskini juu ya uvivu, na kwa heshima zote Baba Mdogo, hapo nimekataa kabisa.

Marehemu Baba alikuwa mvivu? Mtu anaamka kabla ya jogoo anaenda kwa miwa, anapalilia, anakata, anapakia trela, halafu kiwanda kinakaa na pesa yake miezi na miezi. Na bado tulikula na tukasoma. Kilichotuangusha ni figo. Mnakumbuka vile ilienda, kwanza mbuzi, halafu ng'ombe wa maziwa, halafu mchango, halafu ile ekari ya kando ya mto ikawekwa rehani, na Akinyi akatoka shule Form Two akaenda kufulia watu nguo Kisumu. Baba akatuacha, deni likabaki. Sasa watoto wa Akinyi wanaanzia chini kuliko pale sisi tulianzia, na wamemkosea nani?

Huku mzee mmoja ninayemhudumia alilazwa, akapasuliwa, akarudi nyumbani na dawa zake kwa mfuko, na hakuna mtu alimuuliza hata senti. Si ati alijituma kumshinda Baba. Uingereza ilianza matibabu ya bure 1948, vita ikiwa imewaachia madeni kibao, lakini waliamua kodi ilipe. Sisi Kenya, 1989 ndio tukaanza kulipishwa kwa hospitali za serikali, wakati Benki ya Dunia na IMF wanasukuma nchi zetu zipunguze matumizi. Halafu 2001 marais wa Afrika wakakaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya, na waliotimiza ni wa kuhesabu.

Umaskini huku pia uko, msidanganywe. Kuna watu wako na kazi na mwisho wa mwezi wanapanga laini ya chakula cha msaada juu kodi ya nyumba imemeza mshahara wote. Inauma kuona. Lakini akiugua, bili ya hospitali haimfuati mpaka kwa watoto.

Dunia nzima watu zaidi ya milioni 800 wanaishi chini ya dola 3 kwa siku, wengi wao ni huko kwetu Afrika. Wote hao wamelala?

Mama, nimetuma kitu kwa simu yako. Lipeni SHA, ile bima ya afya ya serikali, ya mwaka mzima kwanza, mabati ingoje, na wewe uende upimwe presha wiki hii, usingoje miguu ifure kama ya Baba. Ng'ombe msiuze. Baba Mdogo, nakuheshimu sana, lakini hiyo maneno usiirudie mbele ya Akinyi. Na mmuulize yule ameshika ekari yetu anataka ngapi airudishe, kisha mniambie.