Ile 2 ya mkaa iwekwe mahali pake

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa wanafunzi wa Jumamosi iliyopita mlichapisha somo la kuwaingiza watoto wa kidato cha pili kwenye mimenyuko ya kikemikali. Nawapongeza kwa kuanza na mkaa badala ya utepe wa magnesiamu, ambao wanafunzi wengi wa shule za kata wanauona kwenye picha tu. Lakini mlinganyo mliouweka, C + O2 → CO, haujasawazishwa, na kwa mkaa kosa hilo si dogo.

Mtoto ahesabu. Kushoto kuna atomi moja ya kaboni na mbili za oksijeni. Kulia kaboni moja, oksijeni moja. Nyingine imekwenda wapi? Kwenye mmenyuko atomi haipotei wala haizaliwi. Zinaachana tu na kushikana upya. Basi mwanafunzi anaambiwa asawazishe, na hapo ndipo wengi niliowafundisha hukimbilia njia ya mkato: wanachukua 2 na kuichomeka chini ya O ya upande wa kulia. Inakuwa C + O₂ → CO₂. Hesabu imekaa sawa, mtoto anatabasamu, kumbe ametengeneza gesi nyingine kabisa. Tarakimu ndogo ya chini ni sehemu ya kitu chenyewe. Ukiigusa, umebadili kitu. Unayoruhusiwa kuongeza ni ile kubwa ya mbele, inayosema zipo ngapi: 2C + O₂ → 2CO.

Na milinganyo hiyo miwili yote ni ya kweli. Angalia jiko moja tu. Hewa inaingia kwa mlango wa chini, na huko oksijeni ni tele, kaboni inaungua kabisa na kuwa hewa ya ukaa, CO₂. Hewa hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu inakutana na kaboni nyingine yenye joto kali: CO₂ + C → 2CO. Juu kabisa, hiyo CO, yaani kaboni monoksaidi, ikipata hewa mpya inawaka: 2CO + O₂ → 2CO₂. Zima taa usiku, utazame jiko lililokolea. Zile ndimi ndogo za buluu zinazorukaruka juu ya makaa bila moshi ndiyo mlinganyo huo wa mwisho, unauona kwa macho yako. Watoto wangepelekwa uani waone hilo, maabara ingesubiri.

Sasa huku Njombe, Juni na Julai baridi ikikaza, watu huingiza jiko chumbani. Wanangoja kwanza moshi uishe na makaa yawe mekundu, wakiamini hatari imeondoka na moshi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inashika himoglobini ya damu, ile inayobeba oksijeni mwilini, kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Tuchukue kilo moja ya mkaa wetu wa miwati, tuihesabu kama kaboni tupu (majivu tuyasamehe). Kila gramu 12 za kaboni zinataka gramu 32 za oksijeni ili ziishie kwenye CO₂. Kilo nzima itataka kama kilo 2.7. Kwa hewa ya pwani, oksijeni hiyo imo kwenye mita za ujazo 10 hivi, na huku kwetu milimani, hewa ikiwa nyepesi, ni zaidi ya hapo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5 tu, na humo wamelala watu wanaoivuta oksijeni hiyohiyo. Dirisha limefungwa, chini ya mlango pamezibwa na kitenge. Oksijeni ikipungua, kaboni haipati tena gramu zake 32, inaridhika na 16, na hizo ndizo za kaboni monoksaidi.

Najua nitaambiwa mtihani unauliza hidrojeni na oksijeni, hauulizi jiko. Sawa, kanuni ni ileile: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Ukiichomeka ile 2 chini ya O unapata H₂O₂, ambayo ikiwa hafifu ni dawa ya kusafishia vidonda, wala si maji ya kunywa.

Naomba somo hilo mlirudie, na milinganyo ya jiko ichapwe mfululizo, mmoja chini ya mwingine. Na mpangaji wa kurasa aziangalie tarakimu za chini. Kwenye nakala yangu 2 ya oksijeni imechapwa kwa ukubwa uleule wa herufi. Mtoto wa jirani ameinakili hivyohivyo kwenye daftari lake, kisha akaja kuniuliza kama hiyo nayo inaruhusiwa kubadilishwa.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Njombe