Vijana wa drifti wapewe kiwanja Tanga

Ndugu Mhariri,

Vijana wanaocheza drifti, yaani wanaoserereshea magari ubavu barabarani usiku hapa Tanga, wapewe kiwanja chao. Eneo la mita 100 kwa 60 linatosha kuanzia, ila lisijengwe kwa lami ya kumwagia na kutandaza kokoto juu. Tairi la nyuma linapozunguka kwa kasi huku gari likienda ubavu, hung'oa kokoto hizo mojamoja hadi pakabaki mashimo. Inatakiwa lami ya moto iliyochanganywa na kokoto mtamboni, unene wa milimita 50 baada ya kushindiliwa, yaani takriban tani 720. Chini yake, kifusi kishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15. Tabaka nene kupita hapo hushika juu tu, ndani likabaki legevu.

Masika yetu tunayajua. Upande mmoja uwe juu ya mwenzake kwa sentimita 90, maji yakimbilie mferejini.

Kingo ziwe za matairi chakavu yaliyofungwa kwa boliti, tairi kwa tairi. Yakipangwa tu, gari huyatawanya. Na tafadhali, kila tairi litobolewe upande wa chini kabla ya kupangwa. Lisipotobolewa, maji ya mvua hutuama ndani ya mdomo wake, na humo ndimo mbu wa dengi hutaga.

Watazamaji wasisimame kamwe upande wa nje wa kona, hata nyuma ya matairi. Mafuta yakimwagika, yamwagiwe mchanga mkavu na kuzolewa kabla gari jingine halijaingia.

Wapenzi wa drifti,
Tanga