Tamasha la Land Rover liwape mafundi nafasi ya mbele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno na waandaaji wa tamasha la Land Rover la Arusha. Nilikwenda Oktoba 2024 na gari langu mwenyewe, likitembea kwa magurudumu yake kutoka Lukozi huku Lushoto, nikaingia kwenye ule msafara uliokusudiwa kuvunja rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Nilifurahi mno. Waliobuni jambo lile wanastahili pongezi, na ndiyo maana nawaletea ombi: tamasha lijalo mafundi wa magari haya wawekwe mbele, wapewe meza, vifaa na kipaza sauti, wafanye kazi huku watu wanaona.

Gari langu ni Land Rover 109, ile ndefu, toleo la Series III, ya dizeli. Marehemu mume wangu alilinunua mnadani likiwa limeshatumika sana. Tangu hapo limeteremsha kabichi, karoti na mapeasi, limepandisha saruji na mabati, na usiku wa mvua limewahisha wajawazito wa majirani hospitali. Bodi yake ni aluminiamu, kwa kuwa mwaka 1948, Land Rover ya kwanza ilipotoka, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Bodi hiyo haijui kutu. Chesisi ndiyo chuma, na ukungu wa Usambara hauna huruma na chuma. Yangu imechomelewa kila upande. Kule Solihull, Uingereza, Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Januari 2016. Kwa hiyo Land Rover yoyote ya zamani unayoiona barabarani leo, ujue kuna fundi mahali fulani anayeitembeza.

Watu wa nyanda za chini hawajui baridi ya Lukozi alfajiri. Injini hii ya dizeli haiwaki mpaka plagi zake za kupashia joto zifanye kazi kwanza, nazo ziko nne, umeme unapita kwenye moja ndipo uende kwenye nyingine. Ikiungua moja, zote nne zinabaki baridi. Asiyelijua hilo atanunua betri mpya, kisha stata mpya, na gari bado litasukumwa. Sisi tulifundishwa na fundi wetu wa Mombo, na mwanangu, aliyekuwa utingo wangu safari hiyo, alizipima zote usiku wa kuamkia safari.

Kutoka Lushoto kwenda Mombo ni mteremko wa kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, hasa ukishapita Soni, ambapo ukuta wa mlima uko upande mmoja na bonde upande wa pili. Nateremka kwa gia ya pili, naiacha injini ilishike gari, breki naigusa tu kwenye kona. Tulipofika Mombo nilipita kwa fundi kama kawaida yangu kabla ya safari ndefu. Hakuuliza kitu. Alizunguka gari akiweka nyuma ya kiganja chake kwenye kila gurudumu, mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia. Alipofika nyuma kushoto akarudia mara ya pili, kisha akamwambia mwanangu alete jeki.

Magurudumu matatu yalikuwa ya moto, hilo moja lilikuwa baridi. Maana yake halikushika breki mlima mzima. Alipofungua dramu tukakuta pistoni ya silinda ya breki imeganda. Akaisafisha, akabadilisha raba, akajaza mafuta ya breki na kutoa upepo, mwanangu akikanyaga pedali na kuiachia kwa amri yake. Mimi nilikuwa sijahisi chochote kwenye usukani. Ningeingia barabara kuu, kati ya mabasi na malori, na breki za magurudumu matatu, na hakuna taa yoyote kwenye dashibodi ya gari hili ambayo ingeniambia.

Safari iliyobaki ilikuwa njema. Mkomazi, Hedaru, Makanya, milima ya Upare kulia kwetu, joto linapanda miguuni kutoka kwenye injini. Kati ya Same na Mwanga kuna upepo wa ubavuni ambao gari refu na jepesi kama hili linausikia kwelikweli, na kila basi likikupita lazima ukaze usukani kwa mikono miwili. Kuanzia Boma Ng'ombe tukaanza kukutana na wenzetu, wanawasha taa, wanapiga honi, wengine wamepakia familia nzima.

Sasa niseme nilichokiona Arusha, maana ndicho kilichonifanya niandike. Siku ya msafara tulikwenda mwendo wa kinyonga, na gari langu likaanza kutoa moshi mweusi na kutetemeka. Nilisogea pembeni. Akaja mzee mmoja, mkononi ana spana tu. Aliniambia niliache likinguruma. Akalegeza nati ya bomba linalopeleka dizeli kwenye nozeli ya silinda ya kwanza, injini ikayumba, akaikaza. Ya pili, ikayumba tena, akaikaza. Alipolegeza ya tatu, injini haikubadilika hata kidogo. Akatabasamu, akasema, “Huyu ndiye mgonjwa.” Silinda ile ilikuwa haichomi, kwa hiyo hata ukiinyima mafuta injini haina habari. Nozeli ikafunguliwa na kusafishwa, tukaendelea.

Wakati anafanya hayo, vijana walimzunguka mpaka nikakosa pa kusimama kando ya gari langu. Wanauliza, wanapiga picha, mmoja anataka aonyeshwe tena kuanzia mwanzo. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawaji kuangalia rangi na taa tu. Wakipewa nafasi ya kuona gari linavyotibiwa, watasimama juani.

Mafundi wa namna hiyo wanazeeka. Ninaona 109 nyingi zikifungwa injini za Toyota au Isuzu, na siwalaumu wenye magari, kila mtu ana mzigo wake wa kufikisha. Lakini mara nyingi injini ya zamani haijafa. Kilichokosekana ni mtu wa kuifungua pampu ya dizeli ya CAV na kuirudisha ikapiga sawasawa. Mtu huyo akiondoka bila mwanafunzi, gari zima linakwenda naye.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana vyuo Arusha, Moshi na Tanga. Waandaaji wakiwaandikia mapema, wanafunzi wa ufundi wa magari wanaweza kukaa siku nzima na wazee hawa, injini moja iliyofunguliwa mezani, na nyingine inayonguruma kando. Kijana aliyejifunza kusoma gari kwa kompyuta atapata kitu cha ziada akijifunza kulisoma kwa kiganja. Na siku chache kabla ya msafara, ingefaa mafundi wawekwe Mombo, Same na Moshi kukagua breki na matairi ya sisi tunaotoka mbali, kwa sababu tukihesabiwa Arusha, tuwe tumefika salama.

Najua wapo watakaosema tamasha ni la utalii, halina haja ya grisi. Mimi ni mkulima, utalii siujui sana, lakini mgeni akitaka Land Rover mpya ataikuta kwao. Gari linalobeba abiria mpaka juu ya keria kwenda Loliondo au Simanjiro, na limefanya hivyo tangu kabla dereva wake hajazaliwa, hilo ndilo letu, na mzee aliyeliweka hai anapaswa kutajwa jina lake hadharani.

Nimeshazungumza na fundi wetu wa Mombo. Amekubali kuja na vifaa vyake akialikwa, na haombi nauli: 109 ina viti vitatu mbele, cha katikati ni chake. Waandaaji watangaze tu tarehe mapema, maana Desemba ni msimu wa matunda huku kwetu na gari halipatikani.

Mkulima wa mboga,
Lukozi, Lushoto