Mgonjwa anayepaliwa na maji atamezaje vidonge?

Mhariri, salamu.

Naomba nafasi niseme kuhusu vidonge, manake hili linaniuma. Mama yangu alipata kiharusi na tangu hapo kumeza kumekuwa kazi, na watu wengi hawajui kwamba kinachomtesa zaidi sio kidonge, ni maji yenyewe. Maji ni mepesi, yanateremka kabla koo halijajiandaa, anapaliwa, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, alafu kidonge unakikuta bado kimenata ulimini kimeanza kuchuja rangi. Na ushauri tunaopewa kila siku ni uleule, meza na maji mengi!

Nikaanza kumsagia. Vijiko viwili, kidonge katikati, nakandamiza, nachanganya na chakula laini. Siku moja mfamasia akaniuliza mama anazimezaje hizi, nilipomwambia akashtuka, kumbe moja ilikuwa ya kutoka polepole siku nzima, ukiisaga dozi yote inaingia mwilini kwa mkupuo mmoja. Zingine zina ganda la kuzikinga na asidi ya tumbo, ukilivunja umeharibu dawa. Hakuna aliyenieleza siku nakabidhiwa. Na kumeza kavukavu ndo usijaribu kabisa, doksisaiklini kwa mfano, ile antibiotiki, ikikwama kwenye umio inachoma mpaka inatoa kidonda.

Sasa dawa za kuyeyuka ulimini zipo. Ondansetroni ya kuzuia kutapika inatengenezwa hivyo, na Marekani mwongozo wao unataka kidonge cha aina hii kiwe kimesambaratika ndani ya sekunde 30 hivi. Mama alibadilishiwa dawa moja tu ikawa ya hivyo: unabandua karatasi kwa mkono mkavu (usikisukume, kinavunjika), unaweka juu ya ulimi, kinalainika kwa mate yake mwenyewe anameza taratibu. Mara ya kwanza nilikaa pembeni nasubiri kikohozi, hakikuja.

Najua sio rahisi, dawa chungu ikiyeyuka mdomoni uchungu wote unausikia, unyevu unaziharibu haraka, na dozi kubwa haienei kwenye kidonge kidogo namna hiyo. Lakini dawa za presha na za moyo, ambazo wazee wanameza kila siku ya Mungu, mbona nyingi bado ni za kumeza na maji tu? Watengenezaji waanzie hapo. Na nyie mnaotoa dawa, kabla hamjafunga mfuko muulizeni mtu, mgonjwa anameza vizuri? Mimi nilisaga miezi mitatu bila kuulizwa.

Msomaji wako, anayeuguza mama