Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Madarasa Mapya Bado Yako Kwenye Karatasi

Ndugu wanachama,

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko lolote mwaka huu, sokoni, bandarini na hata msibani, ni kwa nini kamati imemaliza miezi 12 bila kuchimba msingi wa madarasa mapya. Ni swali la haki, kwa kuwa fedha mlizochanga mlizitoa zijenge na si zichore, na taarifa hii nimeiandika hasa kwa ajili ya kulijibu.

Jengo la shule yetu, kama majengo mengi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ni la mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu inabebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazifai kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Chumba cha namna hiyo kinafaa kulaza wageni na kuhifadhi mizigo, lakini kufundishia hakifai. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na tangu mpango wa elimumsingi bila malipo uanze mwaka 2016 sisi kiwango hicho tumekuwa tukikisoma tu. Aliyekaa dawati la mwisho haoni ubao, anaona visogo vya wenzake.

Mchoro wa kwanza tulioletewa ulikuwa wa bei nafuu, na kamati iliupokea kwa furaha, mimi nikiwa mbele. Ulionyesha madarasa mawili ya matofali ya saruji yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa zamani, ili tuokoe gharama ya ukuta mmoja. Kosa hilo nalibeba mwenyewe. Msanifu majengo aliyesajiliwa, tuliyemwendea baadaye kwa shinikizo la mwanachama mmoja mbishi ambaye leo namshukuru, alitueleza kwamba jengo la zamani limekwisha kutulia juu ya ardhi yake, ilhali jipya litashuka kidogo kidogo katika miaka yake ya mwanzo, na mawili hayo yakifungwa pamoja ufa hutokea palepale yanapokutana. Hatari kubwa zaidi ilikuwa kwenye uchimbaji wenyewe, kwani mtaro wa msingi ukichimbwa ubavuni mwa ukuta wa zamani, na ukashuka chini kuliko msingi wake, ukuta huo unabaki hauna pa kukanyaga.

Tulichimba shimo la majaribio ili tujionee. Msingi wa zamani uliishia kimo cha goti la mtu mzima, na chini yake ulikuwa mchanga mtupu. Mafundi wangeingia na sururu wiki ile tuliyokuwa tumepanga, sijui leo ningekuwa naandika taarifa ya namna gani.

Siku hiyohiyo tuligundua jambo jingine ambalo halikuwamo katika hadidu za rejea. Upande mmoja wa ukuta uliwahi kupigwa plasta ya saruji, bila shaka kwa nia njema, na ulipogongwa ulitoa mlio wa kitu kitupu. Fundi mzee wa chokaa tuliyemwita alichomeka ncha ya mwiko, na kipande kipana kama sinia kikabanduka. Nyuma yake jiwe lilikuwa bichi, limeota unga mweupe. Mzee aliutia unga ule ulimini, akatema, akasema neno moja: “Chumvi.” Matumbawe hufyonza unyevu kutoka ardhini, na chokaa huuacha unyevu huo upumue na kutoka, saruji huuzuia, maji hukaukia ndani, na chumvi inayobaki hulimega jiwe mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba plasta yote ya saruji itabanduliwa na ukuta urudishiwe chokaa, na kwamba mchanga wa ufukweni hautatumika kwenye kazi yetu yoyote, ingawa ni wa bure na uko hatua chache kutoka getini. Wanaoona chokaa ni umaskini nawaomba wafike wauone ukuta huo kabla hatujauziba.

Mchoro tulio nao sasa unayaweka madarasa mapya yasimame peke yake, yakiunganishwa na jengo la zamani kwa baraza lenye paa jepesi na nguzo zake lenyewe, paa ambalo halitagusa ukuta wa kale. Madirisha yanatazama kaskazini na kusini, kwa sababu jua linalochoma darasa hapa kwetu ni la asubuhi na la alasiri, na kwa mpangilio huo pepo zote mbili, kaskazi na kusi, zitapita ndani. Chini ya bati kutakuwa na dari, maana mvua ya masika ikipiga bati tupu mwalimu hasikiki. Penye ngazi patakuwa pia na mteremko wa viti vya magurudumu, usiopanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12. Vyoo vinafuata kiwango cha tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Pendekezo la milango ya nakshi tumeliacha; mlango wa nakshi kwenye ukuta wa matofali ya saruji ni kanzu juu ya gauni.

Kuhusu vibali, mbali na kibali cha ujenzi cha Halmashauri, tumepeleka mchoro kwa wahusika wa mambo ya kale. Mji wetu umo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, pamoja na maeneo mengine ya njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na si busara kujenga kwanza na kuuliza baadaye.

Hesabu za mwaka atazisoma Mhazini. Mimi nitaomba kura ya mkutano kwa jambo moja: kazi ya chokaa itangulie, madarasa yafuate, hata kama mpangilio huo utatugharimu msimu mwingine wa kusubiri.

Shimo la majaribio bado liko wazi kwa ajili ya ukaguzi. Tumelifunika kwa mabati na mawe, lakini wazazi wawaonye watoto wasicheze upande huo.