Biti nitengeneze mimi, jina liandikwe la mwingine?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, ninafoka, yaani ni rapa, na ninatengeneza biti, yaani midundo ya nyimbo, zangu mwenyewe. Ninakuandikia kwa sababu nimewekewa mezani mkataba wa lebo ambao natakiwa kuujibu kabla mwezi huu haujaisha, na kila ninayemwomba ushauri ananiambia jambo lililo kinyume na aliloniambia mwenzake.

Kufoka nilianza nikiwa shuleni, kama wengi. Kutengeneza biti kulitokana na dhiki, maana kila prodyuza niliyemwendea alinipa mdundo uliosalia baada ya wateja wake wa kiume kuchagua, na mara nyingi ulikuwa na besi nzito kiasi kwamba nililazimika kupiga kelele ndipo nisikike. Nikaanza kujifunza mwenyewe kwenye kompyuta, hadi kaka mmoja mwenye studio aliponikubalia nitumie vifaa vyake usiku, wateja wakishaondoka, bila malipo yoyote. Huko ndiko nilikopata mtindo wangu. Ninarekodi kwanza mistari yangu juu ya mlio wa kuhesabia mapigo tu, kisha ninapanga ngoma na kinanda kuizunguka sauti, na pale ninapovuta pumzi kati ya mstari mmoja na mwingine ninaiacha besi ijibu. Wasikilizaji hudhani huo ni ufundi wa kuchanganya sauti uliofanywa mwishoni, kumbe biti na mashairi vilizaliwa pamoja, na ukiviachanisha hakuna kinachosimama.

Nyimbo hizo zilipoanza kusikilizwa, lebo ikajitokeza, tena kupitia kwa huyo huyo kaka. Masharti mengi ya mkataba ninaweza kuyavumilia. Wanataka kumiliki masta, yaani rekodi zenyewe, za albamu tatu, jambo ambalo silipendi, lakini najua wasanii chipukizi wengi huanzia hapo. Linaloninyima usingizi ni kifungu kimoja kifupi kinachosema kwamba nyimbo nilizokwisha kuzikamilisha zitaandikwa kuwa zimetayarishwa na kutungwa muziki wake na kaka, nami nitatajwa kuwa rapa na mwandishi wa mashairi tu. Mwakilishi wa lebo alinieleza kwa upole kabisa kwamba jina la kaka linafahamika redioni, na kwamba msichana anayedai kufanya yote mawili huwatia watu mashaka. Sikujua nicheke au nilie.

Kaka naye, ili nimtendee haki, hakani kwamba biti ni zangu. Anasema studio ni yake, umeme ni wake, na asingenifungulia mlango nisingefika hapa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba alinifundisha kuchanganya sauti na kwamba nyimbo kadhaa alizichanganya yeye, nami niko tayari kuliandika hilo kwa herufi kubwa. Lakini kumiliki chumba na vifaa si kutunga muziki.

Nimejitahidi kusoma ili nisije nikasema kwa hasira tu. Nimeelewa kwamba wimbo una haki za aina mbili, haki ya masta na haki ya utunzi, na kwamba desturi iliyozoeleka katika muziki wa kufoka ni mtengeneza biti kuhesabiwa mtunzi wa muziki na kupata takriban nusu ya mgao wa utunzi. Nikitia saini, basi, sitakuwa nimetoa heshima peke yake, bali nitakuwa nimetoa mirabaha ambayo chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake. Mkataba huo huo, katika kifungu cha 6bis, unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi hata akiwa amekwisha kuuza haki zake za kiuchumi. Mafaili ya awali ya nyimbo zote ninayo, yakiwa na tarehe na kila chombo kwenye mkondo wake.

Wanaonitaka nikubali hunitajia wakubwa waliovumilia. Mimi huwajibu kwa Missy Elliott, rapa, mwandishi na prodyuza, ambaye mwaka 2019 alikuwa rapa wa kwanza wa kike kuingizwa katika Songwriters Hall of Fame ya Marekani, yaani orodha ya heshima ya watunzi wa nyimbo, na kwa prodyuza WondaGurl wa Canada, aliyekuwa na miaka 16 tu kazi yake ilipoingia kwenye albamu ya rapa Jay-Z mwaka 2013, tena kwa jina lake. Lakini mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Lauryn Hill, mwimbaji na rapa wa Marekani. Albamu yake ya mwaka 1998 ilimpatia Grammy ya albamu bora ya mwaka, na wakati huo huo wanamuziki waliofanya naye kazi walikuwa wamemshtaki wakidai hawakutajwa ipasavyo katika utunzi na utayarishaji. Shauri hilo lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2001. Simhukumu yeye wala wao. Ninachokiona ni kwamba karatasi isipoeleza nani alifanya nini, hata sifa za kweli huingia doa.

Mama anasema nitie saini, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na jina nitalijenga kwenye albamu ya pili. Rafiki yangu mtangazaji anasema nikikubali mara moja, hakuna atakayeniamini baadaye nikisema ninatengeneza biti. Mimi ninaelekea upande wa rafiki, ila ninaogopa kuitwa mwizi wa fadhila, na katika fani hii ndogo neno kama hilo hufika studio zote kabla yako.

Naomba unishauri mambo haya, Shangazi. Je, niende kwanza kwa kaka peke yake, kabla ya lebo, nikampendekezee atajwe kama mchanganyaji sauti na apewe asilimia fulani ya mapato ya masta kwa muda maalumu, bila kugusa utunzi? Nizungumze naye kwa maneno gani ili asione kwamba ninamlipa aondoke? Na akikataa, nimpeleke mwanasheria mezani, au kufanya hivyo ni kuuvunja udugu kabla haujavunjika wenyewe? Tena, lebo ikisema kifungu hicho hakibadiliki, je, ni busara kuwapa albamu mpya nitakayoirekodi kwingine na kuzibakiza hizi za sasa mikononi mwangu, hata kama ndizo zilizowaleta?

Wako,
Rapa na prodyuza