Asante sana wewe uliyenionyesha @Valid iliyokosekana kwenye kodi yangu ya Java
Jamani naomba nimshukuru huyu mtu hadharani, jina lake silijui ila akisoma hapa atajijua. Siku tatu nzima nahangaika na fomu ya usajili kwenye programu yangu ya Java, natumia Spring (fremuweki ya kutengenezea programu za Java), sehemu ya juu inakagua vizuri tu, mtu akiacha jina wazi anapata ujumbe wake, lakini ukija kwenye anwani iliyo ndani ya taarifa za mteja unaacha mtaa wazi, unabonyeza tuma, inapita na kusevu kwenye databesi kama kawaida! Na @NotBlank, ile alama ya kukataza sehemu kuachwa wazi, iko palepale juu ya mtaa, naiona kwa macho yangu.

Yeye hakunipa jibu la kukopi na kupesti. Aliniuliza tu, juu ya fildi ya anwani kwenye klasi ya Mteja (kodi inayoeleza taarifa za mteja) umeweka nini? Kuangalia, nina @NotNull peke yake. Akanieleza taratibu kwamba hiyo inauliza tu kama anwani ipo, haiingii ndani, ukitaka ukaguzi ushuke mpaka kwenye mtaa lazima uweke @Valid, alama ya kuagiza vilivyomo ndani navyo vikaguliwe, kwenye fildi yenyewe, ile ya kwenye kontrola (kodi inayopokea fomu) haitoshi. Neno moja tu yaani! Na kabla hatujaagana akaniambia nihakikishe BindingResult (inayobeba makosa ya ukaguzi) kwenye kontrola inafuata mara tu baada ya objekti ya fomu, isitenganishwe na parameta nyingine, na kosa nilitafute kwa njia yake kamili, anwani.mtaa.

Sasa inakamata. Ndugu yangu ulikaa na mimi karibu saa nzima usiku na hukuchoka maswali yangu, Mungu akubariki sana.